Kibao cha mlangoni: mwanafunzi anapotaka kuanza tiba ya hipnosi

Kuna swali ambalo vijana wanaosoma saikolojia wamekuwa wakiniuliza, na leo nimeona nilijibu kwa kirefu. Je, mtu anaweza kuanza kutibu watu kwa hipnosi wakati bado yuko chuoni? Tuseme ameshapata cheti cha kozi fupi ya wiki kadhaa. Shahada bado miaka miwili. Ada inamkaba koo. Na watu wenye hofu, wasiopata usingizi, wanaotaka kuacha sigara, wamejaa kila mtaa. Kwa nini asipange chumba, akaweka viti viwili, akatundika kibao mlangoni na kuanza kazi?

Mimi si daktari wala mwanasaikolojia. Ni mwandishi wa habari, na sisi waandishi tukikwama hukimbilia kumbukumbu za waliotutangulia. Nimefanya hivyo, na nilichokikuta huko kinachekesha na kutisha kwa pamoja: historia ya hipnosi imejaa watu walioanza kabla hawajaiva. Baadhi yao waliijenga fani hii. Wengine waliichafulia jina mpaka leo. Na tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa kipaji. Twende taratibu, mtaiona.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Hipnosi si uchawi, si kiinimacho, na wala si usingizi. Ni hali ambayo mtu anaelekeza mawazo yake yote kwenye jambo moja, mambo ya pembeni yanafifia, na maneno anayoambiwa yanamwingia kwa urahisi kuliko kawaida. Watu hawalingani katika hili: wapo wanaozama haraka, na wapo ambao hata ukikesha nao hawazami. Tiba ya hipnosi ni kuitumia hali hiyo kumsaidia mtu mwenye maumivu, hofu, au mazoea anayotaka kuachana nayo.

Haya, turudi nyuma mpaka Paris, mwaka 1778. Daktari mmoja aitwaye Franz Anton Mesmer aliingia mjini humo akitokea Vienna. Alidai kwamba kuna kimiminika kisichoonekana kinachojaza ulimwengu mzima, na kwamba mtu huugua pale kimiminika hicho kinapokwama mwilini mwake. Yeye Mesmer alijua namna ya kukizibua. Wagonjwa walikaa kuzunguka pipa kubwa lililochomekwa vyuma, wakashika vyuma hivyo, na baada ya muda wengine walilia, wengine wakacheka, wengine wakatetemeka na kuanguka. Baadhi yao walisema wamepona.

Angalieni jambo moja. Mesmer alikuwa daktari kamili, mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Vienna ya mwaka 1766. Vyeti havikuwa tatizo lake. Tatizo lake lilikuwa siri. Mwaka 1783 wafuasi wake walianzisha chama, na aliyetaka kufundishwa ujuzi huo alilipa sarafu 100 za dhahabu zilizoitwa louis. Ukilipa unafundishwa, ukifundishwa unakwenda kutibu. Kumbe biashara ya kuuza ujuzi wa haraka haikuanza na intaneti!

Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliunda tume ya kuchunguza mambo haya. Ndani yake alikuwamo Benjamin Franklin, aliyekuwa mwakilishi wa Marekani mjini Paris, na Antoine Lavoisier, mwanakemia mashuhuri. Wajumbe hawakupoteza muda kubishana. Walipima. Waliwafunga watu vitambaa machoni, wakaona kwamba mgonjwa aliyedhani anatibiwa alitetemeka hata kama hakuna aliyemgusa, na mgonjwa aliyetibiwa bila kujua hakuona chochote. Tume ikahitimisha kwamba kimiminika hakipo, na kwamba nguvu kubwa iliyokuwa ikifanya kazi ni fikra za mgonjwa mwenyewe.

Pamoja na taarifa ile ya hadharani, tume iliandika nyingine ya siri kwa ajili ya mfalme. Hiyo ilizungumzia wanawake waliokuwa wakitibiwa na wanaume kwa njia hii, na ilionya kwamba unyonge wa mgonjwa katika hali ile unaweza kutumiwa vibaya na anayemtibu. Naomba mliweke hili akilini. Mwaka 1784 watu walikuwa wameshaona kwamba hatari kubwa ya kazi hii inakaa katika nafasi ya mtu mmoja mbele ya mwenzake, wakiwa wawili chumbani, mmoja macho makavu na mwingine amejiachia.

Miaka ikapita. Mwaka 1841, mjini Manchester, Uingereza, daktari mpasuaji kutoka Scotland aitwaye James Braid alikwenda kutazama maonyesho ya Mfaransa mmoja, Charles Lafontaine. Braid alikwenda akiamini kwamba anakwenda kuona utapeli. Lakini aliona jambo lililomshangaza: macho ya mtu aliyekuwa jukwaani kweli yalikuwa hayafumbuki. Akarudi nyumbani akajaribu mwenyewe, kwa mkewe, rafiki yake na mtumishi wake, akiwaambia wakazie macho kitu kimoja bila kupepesa. Ikafanya kazi, bila pipa na bila kimiminika. Mwaka 1843 akatoa kitabu, na ndiye aliyeieneza istilahi tunayoitumia, akiichukua kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Baadaye alitambua kwamba hali ile si usingizi, akatafuta jina jingine, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Braid hakuwa na mwalimu wa hipnosi kwa sababu hakukuwapo. Lakini alikuwa na kitu kingine: alikuwa ameshatibu watu kwa miaka mingi, aliujua mwili wa binadamu, na alipokosea aliandika kwamba amekosea.

Sasa tuhamie Nancy, mji wa mashariki mwa Ufaransa, maana hapo kuna habari ya pesa, na swali la kibao cha mlangoni ni swali la pesa pia. Karibu na mji huo alikuwapo daktari wa vijijini aitwaye Ambroise-Auguste Liébeault. Katika miaka ya 1860 alianza kutibu kwa hipnosi wakati madaktari wenzake wakiicheka. Unajua alifanyaje? Aliwapa wagonjwa wake uchaguzi. Mwenye kutaka dawa za kawaida atalipa kama siku zote. Mwenye kukubali hipnosi atatibiwa bure. Wakulima wale, kama wakulima wa popote, walijua kuhesabu, na wengi wakachagua ya bure. Liébeault alijifunza kazi kwa gharama yake mwenyewe, wala hakumtoza mtu kwa kitu ambacho yeye mwenyewe bado alikuwa akikichunguza. Mwaka 1882 Hippolyte Bernheim, profesa wa udaktari mjini Nancy, alikwenda kumwona, akashawishika, na jina la mji huo likajulikana Ulaya nzima.

Jirani na wakati huohuo, kule Vienna, kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa udaktari. Mwaka 1880 mwanamaonyesho kutoka Denmark, Carl Hansen, alikuwa akijaza kumbi za mji huo kwa michezo yake ya kuwakausha watu mpaka wanakuwa kama gogo. Mwanafunzi yule alihudhuria maonyesho ya Hansen, akaona mmoja wa waliokuwa jukwaani anapauka uso kama maiti mwili wake ulipokakamaa. Mtu hawezi kuigiza kupauka, akajisemea. Jina la mwanafunzi huyo ni Sigmund Freud.

Je, Freud alitoka ukumbini akaenda kufungua kliniki? Hapana. Alimaliza shahada mwaka 1881. Akafanya kazi katika Hospitali Kuu ya Vienna. Mwezi Oktoba 1885 akaenda Paris kujifunza kwa Jean-Martin Charcot, bingwa wa magonjwa ya neva aliyekuwa akitumia hipnosi mbele ya wanafunzi wake. Ndipo siku ya Pasaka mwaka 1886 akafungua kliniki yake binafsi Vienna. Naye alikuwa na shida ya pesa kama kijana yeyote: alikuwa na mchumba, Martha Bernays, na bila kipato ndoa haikuwezekana. Walioana Septemba mwaka huohuo.

Mwishoni mwa mwaka 1887 Freud akaanza kutibu kwa hipnosi. Na hapa ndipo ninapompenda. Aliona kwamba wagonjwa wengine hawaingii katika hali ile, au wanaingia kidogo tu. Badala ya kuwalaumu, mwaka 1889 alifunga safari kwenda Nancy kwa Bernheim ili kurekebisha ujuzi wake, na akamshawishi mgonjwa wake mmoja amfuate huko. Bernheim akajaribu mara kadhaa, naye akashindwa. Kisha profesa akamwambia kwa uwazi kwamba mafanikio yake makubwa ameyapata kwa wagonjwa wa hospitali, na si kwa wagonjwa wake binafsi. Hebu fikirieni: mgonjwa wa hospitali ana kitanda, wenzake wanaopona mbele ya macho yake, na profesa mwenye jina. Chumba chenye viti viwili hakina vitu hivyo. Baadaye Freud aliiacha hipnosi kabisa, akaenda njia yake nyingine ambayo kila mtu anaijua.

Lakini mtu ninayetaka mwanafunzi wa saikolojia amjue kuliko wote ni Mmarekani, Milton Erickson, kwa sababu yeye alianza kweli akiwa mwanafunzi, tena wa shahada ya kwanza.

Erickson alizaliwa mwaka 1901 huko Nevada, akakulia kwenye shamba la wazazi wake Wisconsin. Akiwa na miaka 17 alipata polio akapooza. Alisimulia kwamba aliwasikia madaktari wakimwambia mama yake kuwa kijana hataiona asubuhi. Aliiona. Akalala kitandani miezi mingi akiwatazama watu wa nyumbani mwake: sauti zao, mikono yao, namna wanavyosema ndiyo huku wakimaanisha hapana. Alikuwa na mdogo wake aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akamwangalia jinsi anavyopanga miguu, na yeye akajifunza upya kwa kumwangalia mtoto. Hiyo ilikuwa shule yake ya kwanza ya saikolojia.

Alipopata nguvu akajiunga na Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1923 alimwona mwalimu wa saikolojia, Clark Hull, akionyesha hipnosi mbele ya wanafunzi. Hull naye alikuwa ameugua polio ujanani na alitembea na chuma mguuni. Maonyesho yalipokwisha Erickson hakusubiri. Alimchukua yule kijana aliyeonyeshwa, akaenda naye chumbani kwake, akajaribu mwenyewe. Kisha likizo nzima ya kiangazi akajaribu kwa kila aliyekubali: wanafunzi wenzake, rafiki, ndugu.

Mpaka hapo unaweza kusema, "Si unaona? Alianza akiwa mwanafunzi!" Subiri kidogo. Vyuo vilipofunguliwa, Hull aliendesha semina ya hipnosi ya mwaka wa masomo 1923 na 1924, na kazi ya kwanza ilikuwa kuyachambua yale aliyoyafanya Erickson likizoni. Kijana akasimama na daftari lake. Nilifanya hivi, akajibu hivi. Wenzake wakauliza, mwalimu akauliza, na yeye akajitetea au akanyamaza. Hull aliamini kwamba nguvu iko katika maneno na mbinu za anayeendesha, kwa hiyo maneno yaleyale yakisomwa kwa kila mtu yatatosha. Erickson alibisha. Alisema kazi kubwa inafanyika ndani ya mtu anayeingia katika hali ile, na anayeendesha anapaswa kumfuata mtu huyo alivyo. Walitofautiana na hawakupatana katika hilo. Miaka 40 baadaye, mwaka 1964, Erickson alichapisha makala juu ya majaribio yale ya semina.

Sasa swali: baada ya semina ile, akiwa na daftari zima la kazi, je, alitundika kibao? Hakutundika. Aliendelea kusoma, na mwaka 1928 akatoka na shahada ya uzamili ya saikolojia pamoja na shahada ya udaktari. Miaka 5 tangu siku aliyoanza kujaribu! Na alisimulia kwamba alipokwenda kufanya mafunzo ya vitendo Colorado, alionywa asilitamke hata neno hipnosi, la sivyo angefukuzwa. Akanyamaza, akajifunza kilichokuwa cha kujifunza. Baada ya hapo akafanya kazi katika hospitali za magonjwa ya akili huko Massachusetts na Michigan, na mwaka 1948 akahamia Phoenix, Arizona, ambako hatimaye alipokea wagonjwa nyumbani kwake. Mwaka 1957 akashiriki kuanzisha chama cha Marekani cha hipnosi ya kitabibu akiwa rais wake wa kwanza, na mwaka 1958 likaanza jarida la chama hicho, yeye akiwa mhariri. Alifariki mwaka 1980.

Kwa hiyo kujifunza alianza mapema kuliko wengi. Kujiita mtaalamu alichelewa kuliko vijana wengi wa leo. Kati ya mambo hayo mawili kuna semina, na ndiyo tofauti niliyoitaja mwanzoni. Mesmer alikuwa na shahada lakini alifanya siri na kuiuza. Erickson hakuwa na shahada lakini alileta daftari lake mezani likaguliwe na watu wenye uwezo wa kumwambia umekosea. Mwenye cheti bila mkaguzi ni hatari kuliko asiye na cheti lakini ana mkaguzi.

Mtu atasema, "Hayo ni ya zamani, siku hizi hipnosi imekubalika." Ni kweli. Chama cha madaktari cha Uingereza kiliikubali kama njia ya tiba mwaka 1955, na cha Marekani mwaka 1958. Mwaka 1984, palepale Manchester alipoanzia Braid, Peter Whorwell na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 30 waliosumbuliwa vibaya na utumbo kwa muda mrefu bila dawa kuwasaidia, na waliotibiwa kwa hipnosi walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Lakini hebu angalieni: wagonjwa wale walikuwa wamechunguzwa kwanza na madaktari. Haikuwa kazi ya anayeendesha hipnosi kukisia kama tumbo ni wasiwasi au ni uvimbe.

Hapo ndipo penye ncha. Mtu anakuja kwako analalamika kichwa kinamuuma kila asubuhi. Wewe una mwaka wa pili wa saikolojia na sauti nzuri. Ukimtuliza, maumivu yanapungua, anafurahi, anakulipa, anakutangaza kwa jirani. Na kilicho kichwani mwake kinaendelea kukua. Kumwondolea mtu maumivu bila kujua maumivu yalikuwa yanaeleza nini ni sawa na kumnyamazisha mbwa anayebweka usiku bila kutoka nje kutazama.

La pili ni kumbukumbu. Wengi hudhani hipnosi inafukua mambo yaliyosahaulika kama mtu anavyofukua muhogo. Sivyo. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya jimbo la California, katika kesi ya People v. Shirley, iliwekea mipaka mikali ushahidi wa mashahidi waliokwisha kuingizwa katika hipnosi. Mwaka 1985 chama cha madaktari cha Marekani kikatoa taarifa kwamba kumbukumbu zinazopatikana kwa njia hiyo zinaweza kuwa na makosa zaidi, huku mwenyewe akiziamini kwa dhati. Mwanafunzi mwenye shauku anauliza, "Nani alikuumiza utotoni?" Mgonjwa anatafuta jibu, anapata sura, anapata jina. Anarudi nyumbani na kumshutumu baba mdogo kwa jambo ambalo pengine halikutokea. Ukoo unavunjika. Kozi ya wiki mbili haimfundishi mtu jinsi ya kuunga ukoo.

Na sheria je? Inategemea uko wapi. Nchini Uingereza, Sheria ya Hipnosi ya mwaka 1952 ilihusu maonyesho ya jukwaani, na mpaka leo mtu anaweza kujiita mtibabu wa hipnosi bila sheria kumdai mafunzo fulani. Kenya ilitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, ikaweka bodi ya kuwasajili wanaofanya kazi hiyo. Kwa hiyo kijana wa Nairobi aende kuisoma sheria hiyo kabla ya kwenda kwa fundi wa vibao. Lakini hata pale ambapo sheria imenyamaza, mgonjwa hajanyamaza. Yeye anakuja kwa sababu anadhani unajua.

Basi jibu langu kwa wanafunzi wa saikolojia ni hili. Anza, lakini anzia alipoanzia Erickson. Jifunze kwa wenzako wazima wanaojua kwamba unajifunza na wamekubali, usiwatoze. Andika kila ulichofanya, hasa yale yaliyoshindikana. Tafuta mwalimu au mtaalamu aliyesajiliwa, umpelekee daftari hilo kila wiki, na akikuambia acha, uache. Mtu akija na maumivu, mpeleke hospitali kwanza. Mtu akiwa na mawazo ya kujiua, anasikia sauti, au anataka umfukulie ya utotoni, hiyo si kazi yako bado, na kumwambia hivyo ni sehemu ya kazi.

Najua jibu hili halilipi ada ya muhula. Kwa ada kuna kazi nyingine: kufundisha watoto masomo ya jioni, kuchapa kazi za watu, hata kuuza vocha. Ukikosea huko, hasara ni ya shilingi, na shilingi hurudishwa.

Ukishamaliza, ukasajiliwa, na yule mkaguzi wako akasema sasa umeiva, nitakuja mwenyewe kukushikia ngazi utundike kibao.